Mwalimu mkuu kuingia darasani kukagua ufundishaji: kweli ndiko kunakopandisha ufaulu shule za msingi, au tunajidanganya?

#1 Chaki Mkononi

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali hapa Dar. Uwanja wetu una shule mbili ndani ya ukuta mmoja. Mnazijua hizi: shule ilijaa, ikagawanywa, nusu ikapewa jina jipya na mwalimu mkuu wake. Watoto wanatoka mitaa ile ile, sisi walimu tumeajiriwa na halmashauri ile ile, hata choo tunagombania kile kile. Lakini matokeo ya darasa la saba yanapishana mbali, na wenzetu wa upande wa pili ndio wako juu kila mwaka.

Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Mwalimu mkuu wao, mama mtu mzima, haipiti wiki hajaingia madarasani. Anakaa dawati la nyuma kipindi kizima, anafungua daftari za watoto watatu wanne, halafu baadaye anamwita mwalimu pembeni wanaongea. Mkuu wetu sisi anagonga muhuri rundo zima la maandalio ya somo siku ya Ijumaa bila kufungua ukurasa. Mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio anauchora saa 1:30 kamili, hapo hana mchezo. Ila ukishasaini, ni wewe na Mungu wako.

Nasema usimamizi wa ufundishaji ndio unaoamua, mengine visingizio. Anayepinga aje na hoja.

#2 Nzige Mwekundu

Mkuu wako akiuona huu uzi, Jumatatu unakabidhiwa darasa la kwanza, watoto 180 na chaki tatu. Pole mapema.

#3 Bibi Taaluma

Mwalimu Chaki, umechanganya mambo mawili. Kukaa dawati la nyuma ni kazi moja, kufungua daftari la mtoto ni kazi nyingine, na mimi nikipewa kuchagua nachagua daftari.

Andalio la somo linanakiliwa, tusifichane. Kuna maandalio yanabadilishwa tarehe tu. Azimio la kazi la mwaka mzima unalikuta steshenari limeshachapwa, unajaza jina la shule. Na kipindi cha kukaguliwa kinaigizwa: mkuu akitokea mlangoni, zana zilizolala kabatini tangu Januari zote zinatoka, watoto wanaimba, makundi ya majadiliano yanaundwa ghafla. Akiondoka tunarudi kunakili ubaoni.

Daftari haliigizwi. Unaona tarehe ya zoezi la mwisho la Hisabati. Unaona mwalimu kapiga vema kwenye jibu la uongo kwa sababu alikuwa anasahihisha huku anachati. Unaona kila siku maswali matano, yote ya aina moja, ya kujumlisha bila kuchukua, na tuko mwezi wa tano. Mkuu wangu mmoja huko nyuma alikuwa kila Jumatano anaita daftari kutoka kila darasa, na majina anayataja yeye. Hakutaka kiranja achague wenye mwandiko mzuri. Darasani aliingia kwa nadra, na walimu tulikaa macho mwaka mzima.

Nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi, mnisamehe urefu.

#4 Mzazi wa Mbagala

Mimi si mwalimu, ni mzazi tu. Nakumbuka Benki ya Dunia walitoa utafiti kwamba karibu nusu ya walimu Tanzania hawaendi kazini. Sasa hapo usimamizi gani tunauongelea? Mtu hayupo!

#5 Takwimu Tu

Mzazi, hapo turekebishe, maana ndipo penye kiini cha uzi wenyewe. Utafiti unaousema ni ule wa viashiria vya utoaji huduma wa mwaka 2014. Walimu ambao hawakuwepo *shuleni* walipotembelewa kwa kushtukiza walikuwa takribani 14 katika 100. Ambao hawakuwepo *darasani* wakati wa kipindi walikuwa karibu 47 katika 100. Kwa hiyo theluthi nzima ya walimu walikuwa ndani ya geti, wamesaini, wako juu ya mstari mwekundu, lakini darasani hawapo. Ratiba ilidai watoto wafundishwe karibu saa sita kwa siku, walichopata hakikufika saa tatu.

Mwalimu asipofika shuleni unaweza kuilaumu barabara, mshahara, ugonjwa. Aliye chini ya mwembe wakati kipindi kinaendelea, huyo ni wa mwalimu mkuu moja kwa moja. Hapo nakubaliana na Chaki.

Lakini shule mbili si ushahidi, ndugu. Hata zikiwa ukuta mmoja.

#6 Mkuu wa Kijijini

Takwimu Tu, hao wa chini ya mwembe mimi ninao na ni mimi mwalimu mkuu wao. Nikueleze wanafanya nini pale. Wanasahihisha daftari 140 za darasa moja, kwa sababu ofisi ya walimu ina meza mbili na hilo jua unaliona. Akisahihisha darasani, ameacha kufundisha. Akisahihisha nje, wewe umemhesabu mtoro.

Sasa ratiba yangu. Jumatatu kikao cha kata. Jumanne halmashauri inataka takwimu za wanafunzi "kabla ya saa nane mchana leo", na mtandao uko juu ya kilima. Tumepata fedha za madarasa kupitia BOOST, mradi wa serikali wa shule za msingi, kwa hiyo fosi akaunti, yaani shule inasimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, na kila mfuko wa saruji upite kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Fundi akikosa maji anampigia mwalimu mkuu. Karani sina, mhasibu sina. Nina vipindi vyangu vya Hisabati darasa la sita ambavyo, kusema kweli, vinaliwa na hayo yote. Ruzuku inayofika shuleni ni shilingi 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, na ndiyo humo humo chaki, mitihani, ukarabati.

Halafu niambiwe nikae dawati la nyuma kipindi kizima. Nikae lini?

#7 Nzige Mwekundu

Mkuu wa Kijijini umesahau kutaja shilingi 200,000 ya posho ya madaraka kila mwezi. Hiyo nayo iko juu ya kilima?

#8 Mkuu wa Kijijini

Hiyo inaishia kwenye mafuta ya pikipiki ya kupanda hicho kilima, Nzige.

#9 Kipindi cha Nane

Posho hizo JK ndiye alizianzisha, tumpe haki yake.

#10 Bibi Taaluma

Hapana, zilianza kulipwa 2016, Magufuli akiwa ameshaingia. Walimu wakuu 200,000, wakuu wa sekondari na waratibu elimu kata 250,000. Nakumbuka kwa sababu ghafla kila mtu akautaka ualimu mkuu, hata waliokuwa wanaukimbia.

#11 Dogo Ajira Mpya

Shikamooni wakubwa. Nina la kusema kuhusu hao wakuu wanaoingia darasani, maana mnawasifu sana.

Mwezi wangu wa kwanza kazini, nafundisha Sayansi darasa la tano, mkuu akaingia bila taarifa. Hakukaa. Alisimama mlangoni na fimbo yake. Nikaandika neno ubaoni nikasahau herufi, akanikatiza: "Mwalimu, hivyo ndivyo mlivyofundishwa chuoni?" Darasa zima likacheka. Kuanzia siku hiyo watoto wale sikuwa na sauti mbele yao, hata nikiwaambia wanyamaze wananitazama tu. Akanijazia fomu, akanipa nakala, imeandikwa "aongeze bidii". Bidii ipi? Katika nini? Mpaka leo sijui.

Nilichojifunza ni kufundisha nikiwa nimekaa upande wa dirisha, ili nimwone akija.

#12 Mdhibiti Mstaafu

Marahaba Dogo, na pole. Ulichofanyiwa hakiingii kwenye usimamizi wa ufundishaji, ule ni ubabe wa madaraka.

Nimefanya ukaguzi wa shule tangu enzi tunaitwa wakaguzi na walimu wanapanda baiskeli kwenda kumjulisha jirani kwamba tumefika. Utaratibu ulio sahihi una hatua. Kwanza unakaa na mwalimu kabla: leo unafundisha nini, unategemea watoto waweze nini, ungependa nitazame nini. Kisha unaingia mapema pamoja naye, unakaa nyuma, humkatizi hata akikosea. Unaandika kinachotokea: aliuliza maswali mangapi, walijibu kina nani, wa nyuma kushoto wameulizwa? Unazunguka wakati wa zoezi. Siku hiyo hiyo mnakaa wawili. Unaanza kumwuliza yeye ameionaje. Mnakubaliana jambo moja la kurekebisha, jambo moja tu, na tarehe ya kurudi. Walio wengi wanaifanya hatua ya kuingia na kuandika, kisha wanaishia hapo. Kurudi hakuna.

Na tusiwalaumu walimu wakuu peke yao. Mtu anafundisha vizuri, kesho anapewa barua ya ualimu mkuu, keshokutwa anatakiwa awalee wenzake kumi na watano. Mafunzo ya uongozi wa elimu yapo, ADEM Bagamoyo na matawi yake, lakini wengi wanaenda wakiwa wameshakaa kwenye kiti miaka, wameshajifunza kwa aliyewatangulia, mabaya na mazuri.

#13 Kipindi cha Nane

Mzee Mdhibiti, na nyie mlikuwa mnakuja mara ngapi? Shule yetu ukaguzi kamili ulifika mara moja nikiwa darasa la tatu, ukarudi nikiwa nimeshaanza kufundisha pale pale.

#14 Mdhibiti Mstaafu

Gari moja, wilaya nzima, na mafuta ya robo mwaka yanaisha wiki ya pili. Ndiyo maana nasema msimamizi wa kweli ni yule anayelala kijiji hicho hicho.

#15 Bibi Taaluma

Mwalimu Chaki, kabla hatujafika mbali: walimu wa Hisabati na Kiingereza wa darasa la saba upande wa pili ni kina nani? Wako pale muda gani?

Nauliza kwa sababu usimamizi mkubwa kuliko wote hufanyika Januari kwenye karatasi ya mgawanyo wa vipindi. Mkuu anaamua nani afundishe wapi. Shule nyingi walimu wazuri wanarundikwa darasa la nne na la saba kwa sababu ndiko kwenye mtihani wa taifa. Darasa la kwanza na la pili wanapelekwa aliyekaribia kustaafu, anayeumwa, au aliyekosana na ofisi. (Nzige alitania namba 2 lakini ndivyo ilivyo, la kwanza limefanywa adhabu.) Mtoto anafika la tatu hajui kusoma, halafu tunakuja kumsimamia kwa nguvu mwalimu wa la saba.

#16 Mwalimu wa Nakuru

Hamjambo jirani. Hapa Kenya tumeyapitia haya kwa njia mbili, matokeo yake yakawa tofauti kama usiku na mchana.

Ya kwanza ni TPAD, mfumo wa kutathmini walimu wa TSC, tume inayotuajiri, ulioenea nchi nzima 2016. Mwalimu alikuwa anajipa alama, naibu au mwalimu mkuu anathibitisha, kila muhula. Wenzangu wengi wataungana nami: ikawa kazi ya kujaza. Mwisho wa muhula walimu wamejifungia wanatafuta "ushahidi" wa kupakia, madarasa yanajisomea yenyewe.

Ya pili ni Tusome, ya kusoma Kiingereza na Kiswahili madarasa ya mwanzo, iliyoanza 2015. Maafisa wa mtaala wa eneo, tunaowaita CSO, walipewa tableti. Anaingia darasani, anafuatilia somo, mwishoni anachukua watoto watatu anawasikiliza wakisoma, tableti inampa kasi yao hapo hapo, kisha anazungumza na mwalimu. Nauli yake ilirudishwa kulingana na ziara alizofanya kweli. Watoto walisoma vizuri zaidi, hilo lilipimwa. Tena afisa mwenyewe hakuwa bosi wako wa kukuandikia barua, alikuja kuhusu somo lile. Na mwalimu alikuwa na mwongozo wa somo, mtoto ana kitabu chake mwenyewe.

#17 Mkuu wa Kijijini

Mwalimu wa Nakuru, sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu la uzi wote. Mtoto na kitabu chake mwenyewe! Nipe vitabu uone kama utahitaji tableti.

#18 Takwimu Tu

Mkuu, vitabu peke yake havijawahi kutosha. Jaribio la KiuFunza lilipima hapa hapa Tanzania, 2013 na 2014. Kundi moja la shule lilipewa fedha za uendeshaji tu: alama za watoto hazikupanda. Kundi jingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu stadi: matokeo yalichanganyika. Lililopata vyote viwili ndilo lililopanda waziwazi. Vifaa vikikosa msukumo vinakaa stoo.

Sasa kwa Chaki. Kuna watafiti walifuata wakuu wa shule takribani 100 Miami, Marekani, wakiandika kila wanachofanya siku nzima. Ripoti ilitoka 2013. Muda ambao mkuu aliutumia kwenye mambo ya ufundishaji kwa ujumla haukuhusiana na watoto kujifunza zaidi. Walipoupasua, muda wa kumlea mwalimu na kumwelekeza ulihusiana na matokeo mazuri. Zile ziara za kuchungulia darasa na kupita zilihusiana na matokeo *mabaya*, hasa sekondari, na zilikuwa mbaya zaidi pale walimu walipoziona si za kuwasaidia. Fimbo ya mlangoni ya Dogo hiyo.

Na uchambuzi wa 2008 ulioongozwa na Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland ulikusanya tafiti nyingi, sehemu kubwa za Marekani. Kusimamia na kutathmini ufundishaji kulikuwa na mchango wa kati. Kilichoongoza kwa mbali ni mkuu kukaa na walimu wake kwenye mafunzo, naye akijifunza. Kwa lugha ya kwetu: mkuu anayekaa kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) mpaka mwisho, si yule anayefungua kikao na kuaga kwamba ana wageni.

#19 Nzige Mwekundu

Miami! Chaki kauliza habari za Temeke, kapelekwa ufukweni Florida.

#20 Chaki Mkononi

Sijasema Temeke mimi, Nzige. Usinichongee.

Takwimu Tu, hicho ulichosema mbona kinaniunga mkono? Mama wa upande wa pili hapiti na kuchungulia. Anakaa, halafu anaongea na mwalimu. Tena naye anafundisha, ana Kiswahili darasa la tatu.

Bibi Taaluma, nimeuliza. Wa Hisabati yupo miaka mingi, kabla hata huyo mama hajafika. Wa Kiingereza aliletwa na mama mwenyewe kutoka la nne.

#21 Bibi Taaluma

Basi nusu ya "usimamizi" wako ni mwalimu wa Hisabati aliyekuwepo tangu mwanzo.

#22 Mama Wawili

Naomba kuongeza upande wa wazazi, maana walimu mnajiona peke yenu. Tunaokaa kwenye mitaa yenye shule pacha tunajua ipi ni ipi. Mzazi anayefuatilia anapambana mtoto aandikishwe upande ule wenye jina. Anayechelewa kuandikisha, au aliyehamia juzi, anapelekwa upande wenye nafasi. Miaka mitano hivyo, unadhani watoto bado ni "wa mitaa ile ile"? Mtaa ule ule, nyumba tofauti.

Na upande ule wazazi tulikubaliana mchango wa uji na chakula cha mchana. Mtoto anabaki mpaka jioni bila kusinzia. Hilo halionekani kwenye dawati la nyuma.

#23 Mzazi wa Mbagala

Mama Wawili kagonga penyewe. Ingawa mchango uliwezekana kwa sababu mwalimu mkuu aliita kikao na tukamwamini na hela. Wa kwetu aliita, walikuja wazazi tisa.

#24 Kipindi cha Nane

Kuna kitu mnakizunguka. Ufaulu wenyewe mnaupimaje? Darasa la saba jumla ni alama 300, ukipata 121 una C, umefaulu. Hiyo ni asilimia 40. Mkuu mjanja anajua hesabu hiyo. Anawatafuta wale walioko mia na kitu, anawaweka kambi miezi mitatu, majaribio kila Ijumaa, mitihani ya miaka iliyopita mpaka wanaikariri. Asilimia ya ufaulu inapaa. Wa mwisho wanaachwa, wa juu hawaguswi. Hapo amesimamia ufundishaji, au amesimamia asilimia?

#25 Nzige Mwekundu

Na wengine hawasumbuki hata na kambi. Mmesahau 2018? Chemba, wilaya nzima matokeo yalifutwa, watoto wakarudia mtihani Oktoba. Pamoja na shule kadhaa za Dar na Mwanza. Usimamizi uliotukuka ule.

#26 Mdhibiti Mstaafu

Nzige, hilo lilitokea, lakini kulitupa hapa kana kwamba kila shule inayofaulu imeiba ni kuwadhalilisha walimu wanaokesha. Jambo la kujifunza pale ni shinikizo. Mkuu wa wilaya anamwuliza afisa elimu asilimia, afisa elimu anamwuliza wa kata, wa kata anamwuliza mwalimu mkuu. Katika mnyororo huo wote hakuna anayeuliza mtoto wa darasa la pili anasoma maneno mangapi.

#27 Takwimu Tu

Kuhusu shinikizo, kuna kisa cha magharibi mwa Kenya nakipenda sana. Watafiti walitaka kupunguza utoro wa walimu wa chekechea. Wakawakabidhi walimu wakuu kazi ya kuandika mahudhurio: mwalimu akihudhuria vizuri, mwisho wa muhula bonasi, na mwisho wa mwaka aliyefanya vizuri anapata baiskeli. Walimu wakuu wakaandika wote wamehudhuria vizuri, kila mtu akalipwa. Watafiti walipokwenda wenyewe kwa kushtukiza, utoro ulikuwa pale pale.

Mwalimu mkuu anaishi na walimu wake. Wanazikana, wanachangiana harusi, wanakopeshana. Unamtaka amwandike vibaya mtu atakayembebea mgonjwa usiku?

#28 Dogo Ajira Mpya

Tena hana meno yoyote kisheria, ataandika nini.

#29 Mdhibiti Mstaafu

Anayo, Dogo. Chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, mkuu wa shule ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi. Onyo na karipio anatoa yeye. Makubwa ndiyo yanakwenda wilayani. Wengi hawatumii kwa sababu hiyo aliyoitaja Takwimu ya kuzikana, au hawajui kuandika hati ya mashtaka ikasimama.

#30 Mkuu wa Kijijini

Nimesoma vyote. Niseme kama mtu aliyemo.

Mwaka jana nilijaribu alichoeleza Mzee Mdhibiti hapo juu, kwa walimu wawili tu, wa darasa la kwanza na la pili. Sikutaka shule nzima. Mmoja alibadilika kabisa. Alikuwa anauliza swali, darasa zima linajibu kwa pamoja "ndiyooo", anaendelea. Tukakubaliana awe anamtaja mtoto mmoja mmoja kwa jina. Kitu kidogo hicho, lakini aligundua mwenyewe kwamba safu nzima ya nyuma haisomi, wanafuatisha sauti. Alikuja ofisini amenyong'onyea.

Wa pili hakubadilika chochote. Ana watoto 163 chumba kimoja. Tulikaa, tukaongea, tukakubaliana, nikarudi, yale yale. Nikachukua mimi kipindi kimoja nimwonyeshe mfano. Sikuweza hata kupita kati ya madawati. Nikamwomba tugawanye wanafunzi kwa zamu, asubuhi na mchana, na huo ndio mwisho wa ushauri wangu wa kitaalamu.

Kwa hiyo Chaki, kwangu jibu ni ndiyo kwa darasa moja, hapana kwa jingine, na mkuu ni yule yule.

#31 Mwalimu wa Nakuru

163? Mwenyekiti wa chama chetu angeitisha mgomo asubuhi hiyo hiyo.

#32 Bibi Taaluma

Mkuu wa Kijijini, asante kwa hiyo. Umenikumbusha, kwa la kwanza na la pili daftari pekee halitoshi, nalegeza msimamo wangu wa namba 3 kwa madarasa hayo. Mtoto wa la kwanza ananakili ubao vizuri kabisa, herufi zimekaa kwenye mstari, na hajui kusoma hata neno moja. Lazima umsikilize. Kuanzia la tatu nabaki na daftari.

#33 Kipindi cha Nane

Wakati mnasikilizana, PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, inafungwa lini mwezi huu? Nimejaza malengo, mkuu wangu bado hajaidhinisha, anasema amesahau nywila.

#34 Nzige Mwekundu

Huyo ndiye atakayekaa dawati la nyuma.

#35 Chaki Mkononi

Habari mpya, wakuu. Mama wa upande wa pili anastaafu Desemba. Tumeambiwa leo kwenye chai. Kwa hiyo Takwimu Tu, wewe uliyekataa ushahidi wa shule mbili, hii hapa: watoto wale wale, uji ule ule, anabadilika mwalimu mkuu peke yake. Yakishuka, mtanilipa soda. Yakibaki juu, nitanyamaza.

#36 Takwimu Tu

Afadhali. Andika sasa hivi, kabla hajaondoka: wastani wa kila somo darasa la nne na la saba (usiandike asilimia ya ufaulu, Kipindi cha Nane kaeleza kwa nini), idadi ya watoto kila darasa, walioingia na kutoka kwa uhamisho, na nani anafundisha nini. Halafu usiangalie mwaka wa kwanza tu. Watoto watakaofanya mtihani mwakani wamelelewa na huyo mama miaka yote, wataendelea kufaulu hata ukiweka sanamu ofisini. Na mtaala mpya wa miaka sita nao unakuja kukuvurugia, 2027 la sita na la saba watamaliza pamoja.

#37 Mama Wawili

Na sisi wazazi tukisikia anaondoka, baadhi tutahamisha watoto Januari. Muandike na hilo.

#38 Bibi Taaluma

Mwalimu wa Hisabati anabaki?

#39 Chaki Mkononi

Ameomba uhamisho, anamfuata mume wake Moshi.

#40 Takwimu Tu

Basi jaribio limeharibika kabla halijaanza.

#41 Dogo Ajira Mpya

Samahani kutoka nje ya mada: huo uhamisho wa kumfuata mwenza unapita kwa barua au kwenye mfumo?

#42 Mkuu wa Kijijini

Mfumo wa ESS, ule wa watumishi wa umma mtandaoni, Dogo. Ombi linaanzia kwako, linapita kwa mkuu wako, halafu halmashauri. Cheti cha ndoa skani vizuri, ule wa kupiga picha na simu huwa wanaurudisha. Na kama unajua mtu wa Hisabati anayetaka kuja vijijini kwetu, nitumie ujumbe faragha.